Sauti ya Mchimbaji: Mgodi na Mipaka ya Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tangu ulipoanza kufundishwa katika vyuo vikuu vyetu, umejishughulisha zaidi na maswali mawili: mwandishi amesema nini, na amelisemaje. Kutokana na maswali hayo tumepata istilahi zetu za dhamira, maudhui na fani, na hapana shaka kwamba zimetufaa. Lakini liko swali la tatu ambalo hatujalipa nafasi yake, nalo ni hili: ni nani katika jamii ambaye maisha yake hayamo katika maandishi tunayoyahakiki, na je, hayamo kwa sababu hayakusemwa, au kwa sababu yalisemwa mahali ambapo sisi hatutazami?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kulihusisha na kundi moja tu la wafanyakazi, yaani wachimba madini. Tutaanzia Kakamega, magharibi ya Kenya, ambako dhahabu ilichimbwa kwa kishindo katika miaka ya 1930. Kisha tutaziangalia baadhi ya kazi zinazojulikana za fasihi andishi. Baada ya hapo tutakwenda Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ambako upo ushahidi wa namna nyingine kabisa. Dai letu ni kwamba ukimya wa mchimbaji katika fasihi ya Kiswahili kwa sehemu kubwa ni ukimya wa wahakiki. Kipimo tunachotumia kuitambua kazi ya fasihi kilikatwa kwa namna ambayo Kiswahili cha mgodini hakikuweza kukienea.

2. Dhahabu ya Kakamega na lugha zilizoisimulia

Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu katika eneo la Kakamega. Wakati ulikuwa mbaya kwa walowezi: bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka kufuatia mdororo wa uchumi wa dunia, na wengi wao walikuwa na madeni. Katika muda mfupi mamia ya Wazungu walimiminika Kakamega wakiwa na mahema, makarai na vigingi vya kuwekea mipaka. Mwaka 1932 mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, alitumwa kulikagua eneo hilo, na ripoti yake ikawaongezea watu matumaini. Makampuni yakafuata. Lililopata jina kubwa zaidi ni Rosterman, ambalo lilichimba chini ya ardhi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ardhi iliyochimbwa ilikuwa ya wenyewe. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi za Waafrika zilizotengwa zingebaki zao milele, na kwamba sehemu yoyote itakayochukuliwa kwa manufaa ya umma ingelipwa kwa ardhi nyingine yenye thamani sawa, baada ya baraza la wenyeji kuarifiwa. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932, chini ya Gavana Sir Joseph Byrne, sheria ilirekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kutolewa katika hifadhi kwa fidia ya fedha tu, na bila ya kulazimika kuliarifu baraza kwanza. Jambo hilo lilizusha mjadala mkali katika Bunge la Uingereza mwanzoni mwa 1933. Miongoni mwa waliolipinga alikuwamo Shemasi Mkuu Walter Owen wa Church Missionary Society, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiyaandikia magazeti na serikali kuhusu haki za watu wa Kavirondo.

Musanda, katika nchi ya Wanga, haikuwa juu ya mwamba wa dhahabu. Machimbo yalikuwa mashariki yake, upande wa Isukha na Idakho na kandokando ya mji wa Kakamega. Lakini kodi ya kibanda ilidaiwa Musanda kama ilivyodaiwa kwingineko, na kodi ndiyo iliyomtoa mtu nyumbani akatafute mshahara. Kwa sababu hiyo tukisema jamii ya wachimbaji tusiwafikirie wale tu waliokaa ukingoni mwa shimo. Mgodi una mkono mrefu. Huwafikia wake wanaobaki kulima peke yao, wazee wanaosubiri fedha za kodi, na vijiji vinavyopoteza vijana wake kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Sasa tuulize: habari hizi tunazijua kutokana na maandishi gani? Tunazijua kutokana na sheria, ripoti za wataalamu wa miamba, kumbukumbu za Bunge, barua za wamisionari na Ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyotolewa mwaka 1934. Yote ni maandishi ya Kiingereza. Wenyeji wenyewe waliyahifadhi mambo hayo katika lugha yao ya Kiluyia, kwa masimulizi ya mdomo. Kiswahili kilikuwa wapi?

Kiswahili kilikuwa shimoni, kikitumika kuamrisha. Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha bara, na katika jina lake refu alitaja watu ambao kitabu kiliwakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mhakiki hana budi kusimama hapa. Katika orodha hiyo mchimba madini ni Mzungu. Yule aliyeshika sururu na kushuka chini ya ardhi hakuitwa mchimbaji. Alikuwa mmoja wa wale wanaosemeshwa. Kwa hiyo Kiswahili cha mgodi kilipoandikwa kilimpa cheo cha kuchimba mtu ambaye hakuchimba, na kikamwachia mchimbaji mwenyewe nafasi ya kuitikia tu.

Inafaa pia kukumbuka tarehe. Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki, iliyokabidhiwa kazi ya kusanifisha Kiswahili, ilianza tarehe 1 Januari 1930, na Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye jina lake limo katika kamusi ya mwaka 1939. Johnson huyu na yule wa dhahabu wameshirikiana jina tu. Hata hivyo historia imewaweka pamoja kwa namna ya kutufundisha. Katika miaka ileile ambayo Kiswahili sanifu kilikuwa kikiwekewa mipaka ya nini kiandikwe na kiandikweje, maelfu ya watu wa bara walikuwa wakitiwa katika kazi iliyowalazimisha kukisema Kiswahili ambacho mipaka hiyo ilikiacha nje.

3. Mfanyakazi katika fasihi andishi

Isidhaniwe kwamba fasihi yetu haikumwona mfanyakazi. Ilimwona, na wakati mwingine ilimwona vizuri. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba ndiyo inayowasha moto wa vita. Katika Kuli (1979) Shafi Adam Shafi anatupa Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli, na riwaya inatuongoza hadi mgomo mkubwa wa Unguja wa mwaka 1948. Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) anawapandisha jukwaani wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaodai haki zao. Kazi hizi zimehakikiwa mara nyingi, na inavyostahili, kwa mtazamo wa matabaka.

Tukizisoma pamoja, hata hivyo, tunagundua kwamba zote zinatuonyesha kazi inayofanyika mchana kweupe: shambani na bandarini. Riwaya ya Kuli inafaulu kwa sababu mwandishi anaweza kutuonyesha mwili unaobeba mzigo. Tunaona gunia, tunaona mgongo, tunamwona anayehesabu. Unyonyaji unaonekana kwa macho kabla haujaelezwa kwa hoja. Kazi ya mgodini haimpi mwandishi nafasi hiyo. Mtu anashuka asubuhi na kupotea; anapanda jioni akiwa na vumbi. Yaliyopita katikati yanajulikana na waliokuwamo tu. Mwandishi anayetaka kuyaeleza sharti ashuke, au amsikilize kwa subira aliyeshuka.

Fasihi za kwingine zinalithibitisha jambo hilo. Émile Zola, kabla ya kuitoa riwaya yake ya Germinal mwaka 1885, alikwenda Anzin, kaskazini ya Ufaransa, mwaka 1884, akashuka katika mgodi wa makaa ya mawe na kuzungumza na watu waliokuwa katika mgomo. Katika Afrika, Peter Abrahams alitoa Mine Boy mwaka 1946, akimfuata kijana wa mashambani hadi migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Katika Kiswahili ni nadra kupata riwaya au tamthilia mashuhuri ambayo mgodi ndio kiini chake, ingawa Afrika Mashariki imechimba dhahabu Kakamega, Geita na Lupa, almasi Mwadui, na makaa ya mawe Kiwira.

Kwa nini? Sababu inayotolewa mara nyingi ni ya kijiografia: waandishi wa mwanzo walitoka pwani, au walikulia katika shule na miji mikubwa, na migodi iko mbali, katika nchi za watu wenye lugha zao. Sababu hii ina uzito, nasi tutaifikiria tena baadaye. Lakini haitoshi, na Kiwira inatuonyesha kwa nini. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kusini-magharibi ya Tanzania, ulijengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1988. Ulibinafsishwa katika miaka ya 2000, uzalishaji ukakwama, ukarudi mikononi mwa serikali. Huu si mgodi wa Mzungu na mfasiri wake. Wafanyakazi wake walisoma kwa Kiswahili, walifanya mikutano ya chama chao kwa Kiswahili, na walidai mishahara yao kwa Kiswahili. Lugha haikuwa kizuizi hata kidogo. Yaliyoandikwa juu yao, hata hivyo, yamekaa zaidi katika magazeti na katika taarifa za kamati za Bunge.

Uko mfano mwingine ambao ni wa kuhuzunisha kidogo. Marehemu Chachage S. L. Chachage alikuwa mwanasosholojia na mwanariwaya pia. Mwaka 1993 alishiriki katika kutoa uchunguzi juu ya uchimbaji wa dhahabu na bati nchini Tanzania. Riwaya yake Makuadi wa Soko Huria (2002) inaonyesha jinsi alivyoweza kuuchukua mgogoro wa rasilimali, katika delta ya Rufiji na kamba wake, na kuufanya fasihi ya hasira na kejeli. Ujuzi wa mgodi alikuwa nao, na kalamu ya riwaya alikuwa nayo. Lakini ujuzi ule wa migodini uliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa utafiti. Mwandishi mwenyewe hatumlaumu. Tunachokitaja ni mgawanyo wa kazi uliomo katika vyuo vyetu, ambao humfanya msomi mmoja kuwa watu wawili: anayechunguza kwa Kiingereza na anayesimulia kwa Kiswahili.

4. Maandishi ya Elisabethville

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, mtu aitwaye André Yav aliandika kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kijitabu chenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani yake lugha ni Kiswahili cha Katanga. Kijitabu kinasimulia historia ya mji huo: kuja kwa Wazungu na majina ya utani waliyopewa na Waafrika, kuanza kwa kampuni la Union Minière du Haut-Katanga, vita, kazi, mishahara na hofu za usiku. Kilipigwa chapa ya mashine na kusambazwa kwa nakala chache. Wasomi wengi walikifahamu mwaka 1990 tu, Johannes Fabian alipokitoa pamoja na tafsiri na maelezo.

Mambo matatu katika maandishi haya yanamhusu mhakiki wa Kiswahili moja kwa moja.

La kwanza ni jina lake. Tumeona juu kwamba Kiswahili cha kazi, upande wa Kenya, kiliandikwa katika vitabu vya mwenye kuamuru. Hali ilikuwa hivyo Katanga pia. Union Minière, lililoundwa mwaka 1906, lilikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na vitabu vya misamiati vilitungwa ili msimamizi Mbelgiji aweze kuamrisha. Fabian amelieleza suala hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni. Sasa watumishi wa zamani wanatoa historia yao wenyewe na kuiita msamiati. Aina ileile ya maandishi iliyokuwa chombo cha kumwambia mtumishi afanye nini, mtumishi anaichukua na kuijaza yale aliyoyaona wakati akifanya. Mhakiki aliyezoea kutafuta kejeli katika riwaya za Kezilahabi hapaswi kuipita kejeli hii kwa kuwa tu haina sahihi ya mwandishi mashuhuri.

La pili ni mtazamo. Waandishi hawa hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wapishi, madobi na walinzi wa nyumba. Mji wa mgodi wanausimulia wakiwa jikoni. Mtu anaweza kusema kwamba kwa hiyo maandishi haya hayana sauti ya mchimbaji, na kwa maana finyu ni kweli. Lakini mtumishi aliona kitu ambacho mchimbaji hakukiona: alimwona bwana akirudi nyumbani. Alijua kampuni linakula nini na linakunywa nini. Jamii ya mgodi ina ghorofa nyingi, na fasihi yake haina budi kutoka katika kila ghorofa.

La tatu ni habari za batumbula, yaani watu waliosemekana kuvizia Waafrika usiku, kuwakamata na kuwapeleka kwa Wazungu ili waliwe. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mara moja mumiani na wazimamoto. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, amekusanya na kuchambua masimulizi ya namna hiyo kutoka sehemu nyingi, pamoja na Siaya, ambayo ni jirani ya Kakamega. Mwanahistoria wa zamani aliyaita uvumi na kuyaacha. Sisi wa fasihi tunaweza kuyasoma vizuri zaidi, maana kazi yetu ni taswira. Katika mji ambao watu waliletwa kwa mamia, wakashuka ardhini, na baadhi yao wasirudi kwao, kusema kwamba kuna mtu anayekula watu ni kuieleza hali yenyewe kwa taswira inayoeleweka na kila mtu. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, na makumi ya watu waliuawa, miongoni mwao msemaji wao Léonard Mpoyi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea Fabian historia ya Zaire katika picha zipatazo mia moja mnamo 1973 na 1974, aliliingiza tukio hilo katika mfululizo wake, na alizieleza picha zake kwa Kiswahili. Maelezo hayo nayo ni fasihi simulizi ya Kiswahili, lakini hayamo katika silabasi zetu za fasihi simulizi.

5. Suala la usanifu

Kwa nini maandishi haya hayakuingia katika fasihi ya Kiswahili? Jibu la waziwazi ni lugha yake. Kiswahili cha Katanga hutumia ba- mahali pa wa-, na mu mahali ambapo sisi tungesema katika au kuweka -ni. Kimechanganya maneno ya Kifaransa. Zaidi ya hayo, tahajia ya kijitabu cha Yav haitenganishi maneno kwa utaratibu tuliouzoea, na alama za vituo hazifuati kanuni. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akikifungua ataona makosa kwanza, na huenda asione kitu kingine.

Lakini tuangalie jinsi kilivyofumbuliwa hatimaye. Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, alikisoma kwa sauti, na kutokana na usomaji huo maandishi yakaweza kugawanywa katika sentensi na kufasiriwa. Yaliyokuwa yakionekana kuwa vurugu machoni yakawa masimulizi yenye mpango masikioni. Hili ni jambo kubwa kwa nadharia yetu. Sisi tumezoea kuweka mstari kati ya fasihi andishi na fasihi simulizi, tukafundisha kila moja katika kozi yake. Hapa ipo kazi iliyoandikwa ambayo haisomeki mpaka isemwe. Mstari wetu hauna nafasi yake, na badala ya kuuchunguza mstari tumeiacha kazi.

Hatusemi kwamba usanifishaji ulikuwa kosa. Pasipo lugha sanifu pasingekuwa na shule, vitabu wala jarida hili. Tunachosema ni kwamba kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kitabu cha shule haifai kugeuzwa kuwa kanuni ya kuamua ni maisha ya nani yatakayohesabiwa kuwa fasihi. Tena sisi wenyewe hatuifuati kanuni hiyo kwa haki. Tunazisoma tenzi za Kiamu na za Kimvita pamoja na lahaja zake, tunaweka maelezo pembeni, na tunajivunia utajiri huo. Lahaja ya mshairi wa Lamu inaitwa urithi. Lahaja ya mtumishi wa Lubumbashi inaitwa kuharibika kwa lugha. Tofauti kati ya hayo mawili haimo katika isimu. Imo katika heshima tunayompa msemaji.

6. Pingamizi moja

Yupo atakayesema: kama watu wa Kakamega waliihifadhi habari ya dhahabu kwa Kiluyia, basi waache ikae huko. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya amri na ya kodi. Kwa nini sasa kidai kuwa lugha ya kumbukumbu zao? Pingamizi hili ni la haki na halijibiwi kwa kaulimbiu za umoja wa taifa.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kumbukumbu ikae kwanza katika lugha yake, ikusanywe na kuandikwa kwa lugha hiyo, na idara za lugha za Kiafrika zina wajibu wa kufanya hivyo kabla ya lolote lingine. Pili, mgodi wenyewe ulikuwa mahali pa lugha nyingi. Mtu wa Idakho alifanya kazi ubavuni mwa mtu wa Wanga na mwingine kutoka kando ya ziwa, juu yao akiwapo msimamizi asiyejua hata moja ya lugha zao. Yale waliyoambiana wao kwa wao katika Kiswahili chao, mbali na masikio ya msimamizi, hayakuwa amri. Hayo ndiyo tuliyoyapoteza, na hayawezi kupatikana katika Kiluyia peke yake wala katika kitabu cha Le Breton. Msamiati wa wachimbaji wadogo wa Tanzania unatupa fununu ya tulichokikosa. Wana neno duara kwa shimo la kushukia, matimba kwa magogo yanayozuia kuta zisianguke, karasha kwa mashine ya kusaga mawe, na kule Mererani wachimbaji wenyewe wanaitwa wanaapolo. Msamiati huu haukutungwa na kamati yoyote. Umetungwa na watu waliokuwa na haja ya kuonyana gizani.

7. Kwa nini jambo hili ni la leo

Huenda ikafikiriwa kwamba tunazungumzia mambo yaliyokwisha. Sivyo. Jina la Rosterman limebaki Kakamega kama jina la mtaa, na dhahabu bado inatafutwa. Mwaka 2020 kampuni la Shanta Gold lilichukua haki za utafutaji katika magharibi ya Kenya kutoka kwa Barrick, na wenyeji wa Ikolomani wamelazimika kuuliza tena lilelile swali la 1932: ardhi itafidiwa kwa nini? Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo na kuitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Wakati huohuo maduara yanaendelea kuporomoka. Mgodi wa Abimbo, Siaya, uliporomoka Desemba 2021, na mwili wa mchimbaji mmoja ulikaa ardhini kwa miezi. Kwa upande wa makaa ya mawe, leseni ya mtambo wa umeme uliokusudiwa kujengwa Lamu ilifutwa na Baraza la Mazingira Juni 2019. Huko Lamu, mji wa tenzi, hoja za kuupinga mtambo zilitolewa kwa Kiswahili na watu wasiohitaji kufundishwa ufasaha.

Tunajua pia maafa ya makaa ya mawe yanavyoweza kuwa. Huko Wankie, ambayo leo ni Hwange, Zimbabwe, mlipuko wa tarehe 6 Juni 1972 uliwaua watu 427. Enugu, Nijeria, polisi waliwaua wachimbaji 21 katika bonde la Iva mwezi wa Novemba 1949. Matukio kama hayo huacha nyuma yake hesabu, na hesabu ni ya lazima. Lakini hesabu haisemi ni nani aliyesubiri mlangoni mwa mgodi, na alisubiri kwa maneno gani. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi, na pasipo fasihi hiyo jamii itakayoletewa mgodi kesho haitakuwa na kitu cha kusoma ila ripoti ya kampuni.

Hata Musanda, ambayo haikupata dhahabu, ililijua kampuni kwa njia nyingine. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza mwaka 1973, na wakulima wa eneo zima wakafungwa nacho kwa mikataba ya miwa: kampuni lililima, likatoa mbegu na mbolea, likavuna, likasafirisha, na likakata gharama zote hizo kabla ya mkulima kuona senti. Mwaka 2019 kampuni liliwekwa chini ya mrasimu. Yaliyompata mkulima yanafanana sana na yanayoipata jamii ya mgodi mgodi unapofungwa: uchumi wote ulikuwa umeegemea nguzo moja. Wazee wanaoweza kusimulia kufunguliwa kwa kiwanda bado wapo, na wanaweza kusimulia pia yale waliyoambiwa na baba zao kuhusu dhahabu. Muda wa kuwasikiliza si mrefu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchimba madini hakukosa maneno. Mahali alipoandikwa, kama katika kitabu cha Le Breton, alinyang'anywa hata jina la kazi yake. Mahali jamii yake ilipojiandikia, kama Elisabethville mwaka 1965, sisi tulikuwa hatujui kusoma.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kijitabu cha Yav na maelezo ya Tshibumba viingizwe katika kozi za fasihi ya Kiswahili, visomwe kwa sauti darasani, na vihakikiwe kwa uzito uleule tunaoupa riwaya. Idara zikusanye masimulizi ya migodi na viwanda katika lugha za wenyeji na katika Kiswahili walichokitumia kazini, bila ya kukisahihisha. Na wanafunzi wanaotoka Kakamega, Siaya, Geita, Mererani na Kyela wahimizwe kuandika tasnifu zao juu ya lugha ya makwao, badala ya kutumwa kila mara kuhakiki upya vitabu vilevile sita. Pendekezo la mwisho halihitaji fedha wala kamati. Linahitaji tu msimamizi wa tasnifu atakayekubali kwamba mwanafunzi wake anajua jambo ambalo yeye halijui.